Kitufe cha Sita

Redio ya gari la Jashoda ilikuwa na vitufe sita, na kwa karibu miaka miwili hakuna aliyejua kwamba kila asubuhi, akitoka Kilimani kwenda dukani kwake River Road, mama huyo alibonyeza kitufe cha sita akasikiliza mvumo mtupu. Vitufe vitano vya mwanzo vilikuwa na stesheni za watu wote: habari, nyimbo za Kihindi, mahubiri, vichekesho vya asubuhi. Cha sita hakikuwa na stesheni. Kilitoa sauti kama ya mafuta yanayochemka kwa moto mdogo, na sauti hiyo ilimsindikiza mpaka alipozima gari.

Kitufe hicho kilikuwa cha mwanawe. Mwaka 2005 Tejas alirudi kutoka Dubai na kidude cha MP3, cheupe, kidogo kama kiberiti, pamoja na kifaa kingine cha kuchomeka kwenye tundu la kiwashio cha sigara. Hicho cha pili alikiita modulata. Unaunganisha viwili hivyo kwa waya, modulata inarusha wimbo hewani, nayo redio ya gari inaudaka kama inavyodaka stesheni yoyote. Hakuna kaseti, hakuna sidii ya kurukaruka kwenye mashimo ya barabara. Mama yake aliposema huo ni uchawi, Tejas alicheka. Akatafuta mahali patupu kwenye redio ya gari la mama, themanini na saba nukta saba, akakishikilia kitufe cha sita mpaka redio ikalia pii.

"Hii ni stesheni yangu, Ba. Usiiguse." Ba ni mama, kwa Kigujarati.

Hakuigusa. Oktoba ya mwaka huohuo Tejas alikuwa Riruta, amewapelekea washonaji mzigo wa nyuzi na zipu, na wakati wa kurudi gari lake lilipinduka. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Polisi walimwambia mama yake kwamba alikufa papo hapo, hakuteseka. Waliongeza kuwa garini hakukusalia kitu: watu walibeba hata betri. Jashoda hakuuliza zaidi. Mumewe alikuwa ametangulia zamani, binti yake alikuwa ameolewa Leicester. Yeye akabaki na nyumba ya vyumba vitatu, duka la vifungo, na ule mvumo.

Basi asubuhi moja ya Julai 2007, ile baridi ya Nairobi inayomfanya mtu aone pumzi yake, Jashoda alikuwa amekwama kwenye jam ya Ngong Road. Manyunyu yalikuwa yakishuka, vioo vya magari vimefungwa, vina ukungu. Alikuwa akifikiria vifungo vya sare za shule. Mara mvumo ukakatika.

Haukufifia. Ulikatika, kama mtu aliyeambiwa anyamaze. Kisha mwanamke akaanza kuimba.

Mwili wa Jashoda ulitambua kabla ya akili. Mkono ulikuwa umeshaongeza sauti ya redio. Wimbo ule ulikuwa wa bibi yake, wa kijijini kwao India, upande wa Kathiawar, wimbo ambao haujawahi kuandikwa wala kurekodiwa na mtu, na yeye mwenyewe aliuimba jikoni tu, akiwa peke yake. Nyuma ya sauti sufuria ya presha ilipiga mbinja. Aliijua mbinja hiyo, ilikuwa na kikwaruzo mwishoni. Na sauti ya mwimbaji, yenye kukatika kidogo kila inapopanda, ilikuwa yake.

Alikuwa akijisikia mwenyewe, akiimba, kutoka mahali asipopajua.

Alitazama kulia: matatu. Kushoto: gari la kubebea mikate. Magari yakasogea, mengine yakapenya upande wa kushoto, na ndani ya nusu dakika mvumo ukarudi. Wa nyuma yake akapiga honi mpaka akachoka, akamzunguka huku akimtukana.

Alipofika dukani, Nasimiyu alikuwa ameshafungua na kupanga makasha ya vifungo barazani. Nasimiyu, mama wa watu kutoka Bungoma, alikuwa ameuza naye dukani miaka ishirini na mitano. Alimwogesha Tejas akiwa mdogo na alimlilia akiwa mkubwa. Alimtazama mara moja tu.

"Mama Tejas, kuna nini? Mbona uso iko hivyo?"

Jashoda alimweleza. Nasimiyu aliketi kwenye kasha.

"Kwetu," alisema, "mtu aliyekufa akikuita na sauti yako mwenyewe, ana neno. Hajamaliza kusema."

"Sisi hatusemi hivyo."

"Mnasema aje?"

Jashoda aligeukia makasha ya vifungo. Walisema mengi kwao juu ya roho na safari yake, lakini hakuna lililohusu redio. Mchana alishindwa kuvumilia, akavuka kwenda barabara ya pili, kwa Gurdeep Singh, fundi wa redio za magari, aliyekuwa amefunga spika za nusu ya matatu za mji. Gurdeep alimsikiliza akiwa amelala chali chini ya dashibodi ya mtu, miguu nje.

"Jashodaben," alisema hatimaye, akijikokota nje na kufuta mikono; ben ni dada, kama bhai ni kaka. "Mzimu hauhitaji betri. Hiyo ni modulata. Inarusha wimbo mita kumi hivi, ukibahatika kumi na tano. Kama redio yako iko kwa namba ileile na gari lingine liko karibu, unasikia muziki wa wenyewe. Mimi mwenyewe jana nimesikia mahubiri ya jirani."

"Lakini ni mimi, Gurdeepbhai. Ni sauti yangu."

"Basi alikurekodi. Vile vidude vina maikrofoni ndogo." Gurdeep alishusha sauti. "Hicho ni kidude cha Tejas. Kuna mtu anacho. Yuko barabarani na wewe."

Alikuwa amekusudia kumtuliza. Jashoda alirudi dukani akiogopa kuliko alivyokwenda. Mzimu ungekuwa wake, wa nyumbani. Huyu alikuwa mtu, na mkono wake ulikuwa umeingia ndani ya gari la mwanawe.

Tangu siku hiyo alianza kuwinda. Alitoka nyumbani dakika ileile, saa moja na robo, akaingia Ngong Road na kujikokota upande wa kushoto, redio imefunguliwa mpaka mwisho. Mvumo ulijaa garini kama maji. Alitazama kila dirisha: wanaume wenye tai, wanawake wanaopaka rangi ya midomo kwenye kioo, madereva wa lori wanaopiga miayo. Yeyote angeweza kuwa yeye. Usiku hakulala vizuri, na alipolala alijisikia akiimba chumba cha pili. Siku ya nne mvumo ulipasuka akadhani ndio huo, kumbe mtu alikuwa akisikiliza taarabu. Siku ya saba hakukuwa na kitu. Nasimiyu alimwambia aache, atagonga mtu. Jashoda alisema ataacha Ijumaa.

Alhamisi, siku ya kumi, mvumo ukakatika tena. Safari hii haukuanza wimbo. Ilianza sauti ya Tejas.

"Ba, tena," ilisema, kwa Kigujarati, karibu mno, kama mtu aliyeinamisha mdomo kwenye bega lako. "Ule wa mwanzo. Mara moja tu."

Na mwanamke wa jikoni akasema, "Nenda huko, nina kazi," kisha akaanza kuimba.

Jashoda alifungua mlango katikati ya barabara, akatoka. Sari ililowa pindo papo hapo. Magari yalikuwa yamesimama kabisa, na yeye akapita katikati yake akitega sikio kila dirisha, kama daktari anayetafuta pigo la moyo. Gari la tatu mbele, upande wa kushoto, lilikuwa teksi nyeupe yenye mstari wa manjano ubavuni. Hakuhitaji kuinama. Sauti yake ilikuwa ikipita kwenye kioo kilichofunguliwa kidogo.

Dereva alikuwa mwanaume wa miaka arobaini hivi, mnene wa mabega, mwenye sweta la kusukwa kwa mkono. Alikuwa akigongagonga usukani kwa kidole, akifuata mapigo ya wimbo bila kukosea. Alikuwa anaujua.

Jashoda aligonga kioo. Mtu akageuka, akaanza kuteremsha dirisha.

"Mama, niko na mteja napeleka..." Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu, lakini labda alikuwa akienda kumchukua.

"Zima hiyo," Jashoda alisema. Kisha, mkono wa dereva ulipoanza kwenda, "Hapana! Usizime. Usizime."

"Sasa nifanye nini?"

"Huyo anayeimba ni nani?"

"Sijui, mama. Ni wimbo tu."

"Ni mimi."

Dereva alitabasamu, lile tabasamu la mtu anayepima kama mwenzake ana akili timamu. Ndipo Jashoda akafungua kinywa. Hakupanga. Sauti iliyokuwa kwenye spika ilikuwa imefika mwisho wa ubeti, na yeye akaudaka ubeti uliofuata, pale barabarani, mvua ikimpiga usoni; kwa sekunde chache sauti mbili zikaenda pamoja, ya zamani na ya leo, na zote mbili zikakatika mahali pamoja zilipopanda.

Tabasamu la dereva lilizimika. Uso wake uligeuka rangi ya majivu. Alimtazama Jashoda kama mtu aliyengoja kitu hicho kwa muda mrefu na sasa kimegonga dirisha.

"Mama yake," alisema, na hakuwa akiuliza.

Mbele, magari yalianza kusogea. Mwanaume yule alikanyaga mafuta. Jashoda alishika mlango, ukamponyoka.

"River Road!" alipiga kelele nyuma yake, hakujua kwa nini alichagua maneno hayo na si "mwizi!" "Duka la vifungo! Uliza Jashoda!"

Siku tano hakuna aliyekuja. Nasimiyu alitaka waende kituo cha polisi. Jashoda alikuwa na namba ya gari, ilikuwa imemganda kichwani. Alisema kesho. Jumapili alishinda ndani. Jumatatu vilevile kesho. Ukweli ni kwamba alimwogopa mtu yule. Mtu anayesema "mama yake" hajanunua kidude dukani.

Alikuja Jumatano saa nane mchana, duka likiwa halina wateja. Alisimama mlangoni mpaka Nasimiyu akamuuliza anataka vifungo gani.

"Sitaki vifungo. Mimi ni yule wa teksi."

Mkononi alikuwa na kitambaa kilichofungwa. Alikiweka juu ya kaunta, akakifungua. Kidude kilikuwa kimebadilika rangi, kimekuwa cha manjano kidogo, pembe moja imekwaruzwa na kiatu au jiwe. Modulata ilikuwa pembeni, waya umezungushwa vizuri. Jashoda hakuvigusa.

"Unaitwa nani?"

"Jackton. Jackton Were. Nakaa Riruta."

"Ulikitoa wapi, Jackton?"

Nasimiyu alishuka kwenye kibago, akaenda kusimama mlangoni, mkasi mkononi. Jackton alimwona, hakujali. Alikuwa ametoka nyumbani akiwa ameshaamua.

"Wakati huo nilikuwa mtu wa mjengo," alisema. "Tulikuwa tunabeba kokoto hapo kando ya barabara, tukasikia kishindo. Tukakimbia. Gari ilikuwa imelala na ubavu kwa mtaro. Watu walikuwa wamejaa tayari. Kuna wale walikuwa wanamtoa. Na kuna wale, mama, walikuwa wanafungua betri."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa na maji. Kajerikeni kadogo, ya kunywa kazini. Walikuwa wamemlaza kwa nyasi, nikakaa, nikamwekea kichwa hapa." Aligusa paja lake. "Akasema maji. Nikampa."

Nje mkokoteni ulipita ukipiga kelele za magurudumu.

"Polisi walisema alikufa papo hapo," Jashoda alisema.

"Hapana, mama. Alikuwa anaongea."

Mtu wa imani ya Jashoda anapokufa, wa nyumbani humtia maji mdomoni. Ni jambo dogo na ni jambo kubwa kuliko yote. Roho haitakiwi kuondoka na kiu. Jashoda alimtia mumewe, kwa kijiko cha shaba. Kwa miaka miwili alikuwa ameamka usiku akiona midomo ya mwanawe mikavu, na hakuwahi kumwambia mtu, hata binti yake kwenye simu.

"Alikunywa?" aliuliza. "Niambie kweli. Yaliingia, au yalimwagika tu?"

"Aliyameza. Mara mbili. Ya tatu ilimwagika."

Jashoda aliketi. Kaunta ilikuwa juu mno sasa, alimwona mtu yule kutoka chini, kama mtoto.

"Alisema nini?"

"Aliuliza saa ngapi. Akainua mkono aangalie mwenyewe, lakini saa ilikuwa imeshaenda na watu. Nikamwambia inakaribia kumi na moja. Akasema, nimechelewa."

Siku hiyo gari la Jashoda lilikuwa gereji. Tejas alitakiwa amwahi dukani saa kumi na moja waende nyumbani pamoja. Jashoda alikuwa amesimama mlangoni, pale aliposimama Nasimiyu sasa, amekasirika, akimpigia simu. Jackton aliyasoma hayo usoni mwake, na Jashoda akaona jinsi anavyohangaika kama aseme lililobaki au alimeze.

"Sema," alimwambia.

"Simu ililia. Ilikuwa kwa mkono wa jamaa mmoja simjui. Akanionyesha, akaniuliza, hii Ba ni nani? Mimi nikafikiria ni kama sisi, ba ni baba. Nikamwambia labda ni babake." Jackton alikuwa akiangalia kitambaa. "Ikalia, ikanyamaza, ikalia tena. Halafu akaizima. Ningenyoosha mkono tu ningeishika. Mkono mmoja ulikuwa na maji, huu mwingine ulikuwa bure."

Nasimiyu alisema jambo kwa Kibukusu, polepole, si la kumwambia mtu.

"Pikapu ikakuja ikambeba. Mimi nikarudi kwa gari nitafute kitambulisho, nijue jina. Kitambulisho haikuwa. Hiki kidude ndicho kilibaki, kinaning'inia na waya yake, taa yake bado inawaka. Nikachomoa. Nilijiambia nitakiweka mpaka wenyewe waje. Na nilijua ni uongo, mama, nikijiambia."

"Ukanunua gari ukakipiga."

"Gari ni ya mtu, naendesha tu. Kilikaa kwa kabati mwaka mzima. Nilipopata teksi nikakumbuka. Nyimbo zingine nilifuta. Hii nilishindwa. Mashine haikunikataa, mkono ndio ulinikataa." Alikunja pembe ya kitambaa. "Asubuhi nikiamka roho mbaya, naweka. Mama ananiimbia na hajui mimi ni nani. Nilikuwa naona ni vizuri asijue."

Angemwita mwizi. Angepiga kelele, na River Road ingefanya yale River Road hufanya mtu akiitiwa mwizi mchana. Jackton alilijua hilo alipoingia, na bado aliingia. Jashoda alitafuta hasira akaikuta iko, nzima, lakini imekaa mahali pamoja na yale maji, na hakuweza kuinyanyua bila kuyamwaga.

"Gari yako iko wapi?" aliuliza.

"Hapo chini."

"Nipeleke. Unionyeshe mahali."

"Mama Tejas!" Nasimiyu alisema. "Huyu mtu humjui."

"Ndiye alikuwa naye," Jashoda alijibu. Akachukua kidude na modulata, akavitia mkobani, akatoka.

Walipita mji. Jashoda aliketi kiti cha mbele. Baada ya Dagoretti Corner waliingia Naivasha Road, wakapita maduka ya vifaa vya ujenzi na vibanda vya kushonea, na wanawake wawili waliokuwa nje na cherehani walimwinulia Jashoda mkono, wateja wake wa zamani. Jackton alipunguza mwendo, akaegesha mbele ya jengo la ghorofa nne lenye nguo zimeanikwa kila roshani.

"Hii ndiyo tulikuwa tunajenga," alisema.

Mtaro ulikuwa umefunikwa. Palipokuwa na nyasi, sasa palikuwa na mwanamke anayeuza mkaa kwa mikebe, na ukuta ulioandikwa kwamba ni marufuku kukojoa. Hapakuwa na alama yoyote. Jashoda alikuwa ameogopa kwamba ardhi yenyewe ingesema kitu, na sasa alishangaa jinsi ilivyonyamaza.

"Kichwa kilielekea wapi?"

Jackton alinyoosha mkono kaskazini. "Huko. Mlima."

"Kaa vile ulikaa."

"Mama, watu..."

"Kaa."

Alikaa. Mtu mzima, suruali safi, aliketi chini kwenye vumbi la mkaa, akanyoosha mguu mmoja, akaukunja mkono wa kushoto kana kwamba umeshika maji juu ya paja. Muuza mkaa aliacha kupima. Jashoda alisimama akatazama ule mkono uliokunjwa juu ya hewa tupu, akatazama mpaka hewa ile haikuwa tupu tena, mpaka akaona nywele.

Simu ililia.

Wote wawili walishtuka. Jackton alijirudisha nyuma kama aliyepigwa, mkono wake wa kulia ukanyanyuka wenyewe na kubaki juu. Simu iliendelea kulia mkobani. Jashoda alipapasa, akapita kidude, akapita funguo, akaikuta.

"Haloo? Haloo!"

"Mama Tejas," ilikuwa sauti ya Nasimiyu. "Nimeuliza tu. Uko sawa?"

"Niko."

"Nifunge duka?"

"Funga. Niko sawa, Nasimiyu. Niko hapa."

Alipoikata aliona kwamba Jackton analia, bado amekaa, bila kujifunika uso. Hakumwambia anyamaze. Alisubiri. Kisha akasema, "Inuka twende, jua linashuka."

Ndani ya gari alifungua mkoba. Alimpa modulata kwanza, halafu kidude.

"Weka," alisema. "Yote. Mimi nimesikia vipande tu."

Vidole vya Jackton vilijua kazi: akachomeka kwenye tundu la kiwashio, akaunganisha waya, akasubiri taa ndogo ya samawati. Redio ilivuma, ikakatika. Tejas akamwomba mama yake aimbe, mama yake akamfukuza, kisha akaimba. Walikuwa wakirudi mjini polepole, jua likiwapiga kisogoni. Jashoda hakujua kwamba wimbo ule ulikuwa na urefu wa dakika tatu nzima. Hakujua kwamba alikuwa na furaha kiasi kile siku ile. Hakuikumbuka siku yenyewe, ilikuwa siku tu kama nyingine.

"Nilidhani ni maombi," Jackton alisema.

"Ni wimbo wa kuku. Anaitwa aingie bandani, anakataa. Kila ubeti ana sababu nyingine."

Jackton aliendesha kidogo akilitafakari hilo. Wimbo ulikwisha. Mbinja ya sufuria ikalia, Tejas akacheka, akasema maneno machache kwa haraka, na sauti ikakatwa.

"Hapo mwisho," Jackton aliuliza, macho barabarani. "Siku zote nimetaka kujua. Anasema nini?"

"Anasema dengu zinaungua."

"Na ziliungua?"

Jashoda aligeuza uso upande wa dirisha, na siku ile ikamrudia.

"Ziliungua zote," alisema. "Tulikula mkate."